Kuchota na Kuzibua

Mvua za mwaka ule zilikuja mchana. Asubuhi jua lilikuwa linawaka vizuri, nguo zinakauka kwenye kamba, halafu baada ya chakula anga linakuwa jeusi upande wa uwanja wa ndege, na mimi naacha kushona. Nilikuwa naogopa mawingu, mimi mama mzima mwenye watoto.

Nyumba yetu ya mtaa wa Hewa Bora aliijenga baba mkwe wangu, aliyefanya kazi kwenye reli mpaka nguvu zikamwishia. Aliijenga kwa matofali ya udongo mbichi, akapaka simenti kwa nje tu. Nyumba za namna hiyo ziko nyingi kwetu, na hazina shida kama maji hayazigusi miguuni. Alipofariki, mama mkwe alibaki nasi. Mume wangu alikuwa dereva wa lori la mawe ya shaba huko Kambove, anakuja nyumbani mwisho wa mwezi, analala, anakula, anarudi. Kwa hiyo tulikuwa wanawake wawili na watoto, na mashini yangu ya kushona barazani.

Siku ya kwanza maji kuingia, tulidhani ni bahati mbaya. Yaliingia chini ya mlango, taratibu, rangi ya chai ya maziwa, yakaenda moja kwa moja mpaka chumba cha watoto, kilichokuwa upande wa chini wa parseli, kiwanja chetu. Mama mkwe alikamata beseni, mimi ndoo, watoto wakashika sufuria. Tukachota, tukamwaga nje, tukachota tena. Kesho yake mvua ikarudi, tukachota tena.

Baada ya wiki mbili tulikuwa hodari. Mama mkwe alipanga kila mtu mahali pake. Mimi mlangoni, yeye chumbani, mtoto mkubwa katikati. Yeye ni mwanamke wa kaskazini, wa kule Kabalo, na tangu nilipomjua sijamwona ameketi bila kitu mikononi. Hata akisali rozari anachambua maharagwe. Mvua ikikatika tulisafisha sakafu, tukatoa magodoro nje, tukakamua nguo, tukawasha makaa kukausha hewa ya chumba. Tulipomaliza ilikuwa jioni, bukari, ugali wetu, haijapikwa. Watu waliopita barabarani walitusifu na kututia moyo.

“Kuraji, mama! Mutashinda!”

Na mimi nilijisikia vizuri wakisema hivyo. Mume wangu akipiga simu aliuliza, “Munafanya nini na ile mayi?”

“Tunachota.”

“Muzuri. Muendelee vile. Musichoke.”

Hatukuchoka. Vikwembe vya watu, vitenge vya kushonewa nguo za Noeli, vilikuwa vinalundikana juu ya mashini, havijakatwa, na bado tukachota.

Jumamosi shefu wa kartie, mkuu wa mtaa wetu, alipiga filimbi ya salongo, usafi wa lazima, na kila mtu akatoka kufagia mbele ya parseli yake. Tulifyeka majani, tukakusanya takataka, tukafanya marundo mazuri pembeni ya mfereji, shefu akapita akitikisa kichwa kwa furaha. Saa nane mvua ikanyesha, marundo yote yakaingia ndani ya mfereji. Jumamosi iliyofuata alipiga filimbi tena.

Ufa niliuona jioni moja nilipokuwa natundika shuka la watoto. Ulitoka pembe ya dirisha ukashuka mpaka sakafuni, mwembamba kama uzi. Nikapitisha kidole juu yake. Toka siku ile nikawa nakwenda kuugusa kila jioni, watoto wakiwa nje, ili wasinione. Siku moja ukucha wangu uliingia ndani. Nilitoa mkono haraka, kama mtu aliyeguswa na moto, nikaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa vimeshaoshwa.

Sikumwambia mama mkwe. Niliogopa kwamba nikilisema jambo hilo, ukuta utasikia.

Halafu mtoto wetu wa mwisho akapata homa. Siku hiyo mvua ilipoanza nilikuwa nimempakata, analia akiwekwa chini, na sikuweza kuchota. Niliketi kwenye kiti karibu na mlango, miguu yangu ndani ya maji, mtoto kifuani, moto kama jiko. Ndiyo mara ya kwanza msimu ule nilipotazama mvua bila ndoo mkononi.

Mvua ilinyesha, ikapungua, ikakatika. Mabati yalinyamaza. Lakini maji yaliyokuwa yamefika kwenye kifundo cha mguu yalipanda juu ya kifundo.

Mama mkwe alitoka chumbani na beseni, jasho linamtoka.

“Uko unaikala tu vile? Mayi iko inaingia!”

“Mama, mvula imekwisha.”

“Sasa?”

“Mvula imekwisha, lakini mayi iko inazidi. Inatoka wapi?”

“Inatoka kwa Mungu! Itatoka wapi ingine?” Akarudi chumbani kuchota.

Nikaendelea kutazama. Maji hayakuwa yanaanzia kwetu. Yalikuwa yanakuja kutoka juu ya avenyu, barabara yetu ya mtaani, yanakata kona pale kwa jirani, yanaingia kwa mlango wetu wa nje. Na yalikuwa yamebeba vitu. Vumbi la mbao, vipande vya karatasi za mifuko ya simenti, changarawe mpya nyeupe. Kwenye avenyu yetu hakuna mtu aliyekuwa anajenga.

Kesho yake asubuhi, mtoto akiwa amepata nafuu kidogo, nilimfunga mgongoni nikapanda barabara. Sikwenda mbali. Pale juu, mahali avenyu yetu inapokutana na barabara kubwa, kulikuwa na nyumba mpya ya ghorofa, ukuta mrefu, mlango wa chuma wa rangi nyeusi. Ili magari yaingie, mwenye nyumba alikuwa amemwaga betoni, zege nene, juu ya mfereji mkubwa. Na chini ya ile betoni, badala ya kuacha njia ya maji, wajenzi walikuwa wamesukuma mabaki yao yote: mawe, mbao, mifuko ya simenti iliyogeuka mawe. Mfereji ulikuwa umeziba kabisa. Maji yakifika pale hayakuwa na pa kwenda, yanageuka kushoto, yanashuka kwetu.

Nilisimama pale nikiangalia wiki zetu zote za kuchota. Halafu mlango wa chuma ukafunguliwa kidogo, sentinele, mlinzi mwenye bunduki, akanitazama. Nikaondoka haraka kama mwizi.

Nilipita kwa jirani wa mbele yetu, baba mmoja mpole anayefundisha katika shule ya msingi. Nilimwambia nilichokiona. Alinivuta ndani ya parseli yake na kufunga mlango kabla ya kujibu.

“Na miye nilionaka,” alisema polepole. “Wakati banaanza kujenga, nilienda kusema na babo. Banishika, baniweka mu kasho, banifungia siku muzima. Nilirudia bila mukaba ya suruali, bila viatu. Bibi yangu hajue hata leo. Nilimwambia basenji baliniiba.”

“Ule muntu ni nani?”

“Ni mukubwa. Ya wapi, sijue. Usiulize.” Alifungua mlango, akaangalia barabarani, ndipo akaniruhusu kutoka. “Mama, chota mayi yako. Chota tu.”

Nilirudi nyumbani, na mchana ule nilichota kuliko siku zote. Nilichota mpaka mama mkwe akanishangaa.

Kuchota hakukutosha. Nikaanza kushona mifuko. Nilichukua magunia ya unga, nikayakata, nikayashona mshono mara mbili, nikajaza mchanga, nikapanga mbele ya mlango kama ukuta mdogo. Kazi ilikuwa safi. Majirani walikuja kuangalia, na wengine waliniomba niwashonee yao, nikawashonea. Mume wangu alipigiwa simu na rafiki yake wa kartie kwamba bibi yake eko na akili, naye akanipigia akicheka kwa furaha. Maji yalizunguka mifuko, yakapita ubavuni, yakaingia.

Mimi nilijua yataingia. Nilikuwa najua kila mfuko niliouinua hautasaidia kitu, na bado niliuinua, kwa sababu nikiwa na mfuko mikononi hakuna aliyeweza kuniuliza kwa nini sijaenda pale juu. Hata mimi mwenyewe sikuweza kujiuliza. Mgongo uliniuma vizuri, jioni nilianguka kitandani kama mtu aliyefanya kazi. Kumbe kazi ilikuwa moja tu, iko kwenye mlango wa chuma mweusi, na mimi nilikuwa nazunguka pembeni yake na uchovu wangu.

Siku iliyonitoa pale ilikuwa siku ya katikati ya wiki, watoto wamesharudi kutoka shuleni. Mvua ilikuwa kubwa. Nilisikia mlio upande wa chini, mlio mzito, usio wa radi, kama mtu amemwaga lori la mchanga. Jirani yetu wa chini alitoka ndani ya mvua akishika kichwa, analia bila sauti. Ukuta wa jikoni yake ulikuwa umelala. Chini yake yalikuwa masufuria, jiko na kiti ambacho huwa anakikalia akipika. Alikuwa ametoka kidogo kufunga kuku.

Nilimshika mikono. Ilikuwa baridi. Kwa juu ya bega lake niliona dirisha la chumba cha watoto wetu.

Niliingia ndani, nikaanza kutoa magodoro ya watoto.

“Unafanya nini?” mama mkwe aliuliza.

“Batoto batalala na siye ku salon, chumba ya mbele. Mule chumba, hakuna muntu ataingia tena.”

“Na mayi? Nani eko anachota?”

“Hakuna.”

Aliniangalia kama nimepata wazimu. Ndipo nikamshika mkono, nikampeleka kwenye ufa, nikauchukua mkono wake nikaupitisha pale. Vidole vyake viwili viliingia. Nikamwambia yote: mfereji, betoni, sentinele, kasho ya jirani. Alisikiliza akiwa bado ameacha vidole vyake ndani ya ufa.

“Kesho tutaenda,” alisema.

“Mama, weye ubaki na batoto.”

“Tutaenda bote babili. Muzee mwanamuke, batamupeleka ku kasho namna gani?” Lakini sauti yake ilikuwa nyembamba, na nilijua anajua kwamba wanaweza.

Asubuhi alivaa kikwembe chake cha mama wa parokia, kile cha sikukuu, na kitambaa cheupe kichwani. Watoto walipokwenda shuleni, mdogo tulimwacha kwa jirani wa chini, tukapanda barabara. Nilipogonga ule mlango wa chuma, nilisikia mlio ukienda mbali ndani ya uwanja, nikatamani urudi.

Sentinele alifungua. “Munatafuta nani?”

“Mwenye nyumba.”

“Hayiko.”

Nyuma yake tuliona gari, jeusi, limeoshwa, bado linatiririka maji.

“Tutamungoja,” mama mkwe alisema.

“Mungojee mbali na mulango.”

Tukasimama ng'ambo ya barabara. Sijawahi kufanya kazi ngumu kama ile. Hatukuwa na kitu cha kushika, cha kubeba wala cha kufagia. Watu waliotufahamu walipita, wakaangalia ule mlango, wakaangalia sisi, na hakuna aliyesema kuraji. Mama mkwe alianza kuinama akiokota changarawe barabarani, moja moja, anazipanga kando. Nilimshika mkono. “Acha, mama.” Akaacha, na mkono wake ukabaki ndani ya wangu. Jua lilipanda. Upande wa uwanja wa ndege anga lilianza kubadilika.

Mlango ulifunguliwa, gari likatoka. Nilivuka barabara kabla akili yangu haijanizuia, nikasimama pembeni ya dirisha. Mtu aliyekuwa nyuma alishusha kioo nusu. Alikuwa mzee kuliko nilivyomdhania, miwani, simu sikioni. Alimwambia mtu kwenye simu angoje.

“Nani amebatuma?”

“Hakuna muntu ametutuma, papa. Ni mayi.”

“Mayi gani?”

“Mayi yenye ilikuwa inapita chini ya mulango yako. Bantu ba kujenga balifunga njia yake. Sasa inapita mu nyumba yetu. Ukuta ya jirani imeanguka. Ya batoto yangu iko inapasuka.”

“Hii betoni ilifanywa na injenieri.”

“Betoni haina mubaya, papa. Ni bintu byenye biko chini.”

Halafu akauliza lile swali nililokuwa naliogopa toka mwanzo.

“Munaikala wapi?”

Nilirudi nyuma hatua moja. Lakini mama mkwe alikuwa amefika nyuma yangu, na yeye alimweleza kila kitu: avenyu, nyumba ya ngapi, mlango wa rangi ya kijani, mtoto wake anaendesha lori Kambove, marehemu mume wake alikuwa wa reli. Nilimminya mkono, hakunyamaza. Aliongea kama anaongea na padri.

“Sawa,” yule mtu alisema. Kioo kikapanda. Gari likaenda.

Siku zilizofuata ndizo zilizonimaliza. Hakuna kilichotokea. Maji yaliingia kama kawaida, nasi tulikaa kwenye viti tukiyaangalia, maana hapakuwa tena na mtoto chumbani. Kila gari lililopunguza mwendo mbele ya parseli lilinipeleka dirishani. Nilimtayarishia mume wangu maneno ya kumwambia kama wangenichukua. Nilimfundisha mtoto mkubwa wapi pa kukimbilia na wadogo zake, nikamwambia ni mchezo, naye akanitazama kwa macho yanayojua kuwa si mchezo.

Asubuhi moja nilisikia hodi. Ni sentinele. Nilipomwona nilishika mashini. Kisha nikaona hana bunduki.

“Mukubwa anasema, kama munataka kufungua, mufungue. Yeye hatatuma bantu. Na musivunje ya mbele, ya pembeni tu.” Akaangalia huku na huku, akaongeza kwa sauti ya chini, “Mufanye leo. Anaweza kubadirisha.”

Nilikimbia nyumba kwa nyumba. Wengi walikuwa na kazi: mmoja anapanga mifuko ya mchanga, mwingine anachimba kijifereji kuzunguka nyumba yake. Mwalimu wa mbele alikataa kabisa, akafunga mlango wake. Tulipanda vijana wachache, jirani wa chini, mama mkwe na mimi, na majembe, nyundo na mtaimbo wa kuazima. Tulikuwa tumeshaanza kugonga ubavu wa betoni nilipogeuka nikamwona mwalimu anapanda barabara, sururu begani, uso wake umekauka kama karatasi. Hakusalimia mtu. Aliingia ndani ya mfereji.

Tulitoa mawe, mbao, ile mifuko iliyoganda. Mimi nilikuwa ndani mpaka magoti, natoa tope na jembe, na kila mara mlango wa chuma ulipolia nilifunga macho. Hakuna aliyeimba, hakuna aliyetania. Mvua ilitukuta mikono yetu bado iko ndani. Maji yalikuja kutoka juu, yakafika kwenye lile tundu, yakazunguka kidogo kana kwamba yanafikiri, halafu yakavutwa chini ya betoni kwa sauti kama ya mtu anayekunywa. Tulisimama tu tukilowa, tukaangalia upande wa kushoto, barabara ya kwetu. Ilikuwa inanyeshewa kama barabara yoyote.

Nilipofika nyumbani sakafu ilikuwa kavu. Mama mkwe aliketi, mikono juu ya magoti, hajui aiweke wapi.

Ukuta wa chumba cha watoto ulianguka hata hivyo. Ulianguka siku ya jua, watoto wakiwa shuleni, bila tone la mvua. Ulikuwa umekunywa maji ya wiki nyingi, na ulipoanza kukauka ukaachia. Nilikuwa kwenye mashini. Niliona dirisha likitoka nje pamoja na ukuta, likiwa bado limefungwa, kisha vumbi. Nilipiga kelele, “Mama!” Alikuwa anaingia mule kila asubuhi kufagia, ingawa nilimkataza.

Alitokea upande wa choo, ufagio mkononi.

“Nilikuwa mule,” alisema. “Sasa hivi nilikuwa mule.”

Alianza kufagia vumbi pale pale alipokuwa amesimama. Nilimpokonya ufagio, nikamkalisha chini, nikakaa pembeni yake. Tulikaa mpaka watoto waliporudi. Hatukufanya kitu chochote.

Mume wangu alikuja, akajenga chumba upya kwa matofali ya kuchoma. Mama mkwe mpaka leo halali mule. Vikwembe vya Noeli, wengi walikuja kuvichukua kama walivyovileta, na wengine hawakurudi kwangu tena.

Kabla mvua za mwaka ule hazijaisha, nilisikia hodi nyingine. Walikuwa watu wa avenyu ya chini, mama mmoja mbele, wanaume nyuma yake. Walisema mfereji tuliouzibua sasa unawatupia maji yote, kwao umejaa takataka, yanapanda mpaka kwenye vitanda. Yule mama aliongea akiwa ameshikilia ncha ya kikwembe chake kwa mikono miwili. Nilimtazama nikaona kwamba anayemwogopa ni mimi.

Mawingu yalikuwa yanakusanyika. Niliwaambia tusichukue kitu bado, wala jembe, wala ndoo. Nilivaa viatu, tukashuka nao mpaka mwisho wa mfereji wao, tukasimama pale wote pamoja tukingoja mvua inyeshe, ili tuone maji yanakwama wapi.